Fulana ya bei ya kutupa

Mhariri,

Juzi nilinunua fulana ya mtumba Kongowea kwa shilingi 150, mpya kabisa, hata kikaratasi cha bei ya Ulaya kilikuwa bado kinaning'inia. Nyumbani nikasoma lebo ya shingoni: Bangladesh. Hamu ya kuivaa ikanipungua.

Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao washonaji. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa humo ilifunga. Washonaji waliamriwa warudi kwenye cherehani. Kima cha chini cha mshahara wao kilikuwa taka 3,000 kwa mwezi (ndivyo pesa yao inavyoitwa), kama dola 38. Mwaka 2023 kilipandishwa hadi 12,500, ilhali vyama vyao vilidai 23,000.

Jirani yangu husema tukisusa tutawanyima hata hicho kidogo. Ana hoja. Na kibarua mwenye watoto watatu atawavisha nini? Mama aliyeniuzia naye simlaumu. Wa kubanwa ni kampuni zinazoagiza mizigo kwa bei isiyoweza kumlipa mshonaji, kisha zikajifanya hazimjui.

Na serikali yetu, inayovipa viwanda vya nguo vya Athi River msamaha wa kodi, ituambie: mshonaji wa pale anabaki na shilingi ngapi akishalipa kodi ya chumba?

Msomaji wako,
Mombasa