Shemeji Yako Hakuwa Mpole

Mwanga, Kigoma

Rafiki yangu mpendwa,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote hapo Tabora. Rambirambi mliyotutumia tuliipokea kwa shukrani. Sasa wageni wameondoka, turubai na viti vimerudishwa kwa wenyewe, na nyumbani tumebaki mimi na binti yetu wa mwisho, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukuandikia kwa utulivu.

Kwa kuwa mguu haukukuruhusu kufika mazikoni, napenda nikueleze jambo lililonikaa rohoni tangu siku ile. Wasifu wa marehemu mke wangu uliosomwa kanisani ulikuwa wa heshima: alizaliwa Kasulu, akabatizwa, akafunga ndoa takatifu, akajaliwa watoto, akaugua ghafla, akafariki. Kisha msomaji akaongeza kwamba alikuwa mke mpole na mnyamavu. Niliwatazama akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, waliokaa mbele na sare zao, nikaona baadhi wameinamisha vichwa, na sidhani kama wote walikuwa wakilia. Wewe uliyekula nyumbani kwetu miaka yote tuliyokuwa pamoja karakana ya reli unajua kwamba shemeji yako alijaliwa mengi, lakini upole haukuwamo. Desturi yetu ni kumsema marehemu kwa mema tu, nami naiheshimu. Ila kwa maoni yangu mema yake yalikuwa hayohayo ambayo wasifu uliyaficha.

Chukua habari ya sala zake. Kila mtu alisema kwamba hakukosa kanisa, na ni kweli kwa Jumapili. Siku za kazi ratiba yake ilifuata mwezi. Unajua dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, wavuvi hupumzika. Basi siku za mbalamwezi shemeji yako alikuwa wa kwanza kwenye Misa ya asubuhi, na siku za giza alikuwa mwaloni Kibirizi kabla jua halijachomoza, akisubiri mitumbwi. Paroko mmoja aliyekuwa mgeni hapa aliwahi kumuuliza kwa nini nusu ya mwezi haonekani. Akamjibu kwamba Mtakatifu Petro naye alikuwa mvuvi, na Bwana alimfuata hukohuko kwenye nyavu. Nilikuwa nimesimama pembeni, nikatamani ardhi inimeze, lakini paroko alicheka mpaka akashika ukuta.

Kazi yenyewe aliifanya kama ibada nyingine. Wapo wanaoanika dagaa juu ya mchanga kwa sababu ni rahisi na hakuna gharama ya chanja. Yeye hakukubali hata mara moja. Aliwatandaza juu ya waya, kwa tabaka jembamba, akawageuza kwa kiganja, na kuelekea mchana alikuwa akiokota mmoja mmoja kutoka pembe mbalimbali, anamvunja karibu na sikio. Akilia "ta", amekauka. Akipinda, anarudi juani. Wingu likitanda, hata kama alikuwa katikati ya Salamu Maria, rozari iliingia kwenye fundo la kanga na turubai likatandazwa kwanza. "Mteja hakunituma nimuuzie mchanga wala uvundo," ndivyo alivyokuwa akisema, na bei yake haikushuka.

Katika jumuiya yetu alikuwa mtunza hazina wa mfuko wa misiba. Kuna mzee mmoja, mtu wa heshima zake, aliyekuja siku moja kuomba akopeshwe fedha za mfuko hadi mwisho wa mwezi. Alimkaribisha, akampa ugali na migebuka, akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia kwamba zile ni fedha za wafu, na kama anazihitaji sana basi afe kwanza. Mzee alinuna miezi kadhaa. Mfuko huo ndio ulionunua mchele na sukari ya msiba wa shemeji yako mwenyewe, na mzee huyohuyo alikesha nasi usiku wote wa kwanza akisimulia kisa hicho, watu wakacheka wakiwa kwenye mikeka.

Wadeni hakuwasamehe, wala sitaki mtu aseme kwamba aliwasamehe. Alikwenda hadi uani kwa mdaiwa, akaketi, akasaidia kuchambua maharage, akauliza habari za watoto na hakuondoka mpaka apate chochote. Lakini mdaiwa huyohuyo akijifungua, wa kwanza kumpelekea uji alikuwa yeye. Majirani zetu Waislamu walimjua hivyo pia, na ndio waliosimamia majiko siku zote za msiba, wakipokezana zamu bila kuombwa.

Ulipata kuniuliza tuliishije mwaka 2024, Serikali iliposimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Mimi nililalamika sana. Yeye alisema samaki nao wanahitaji kuzaa, akakunja chanja zake, akaanza kununua mawese Mwandiga na kuyauza hapa mjini kwa chupa. Ada ya binti ililipwa kwa wakati. Kwa kweli tangu nistaafu, nyumba hii ilisimama juu ya mabega yake, ingawa mbele za watu alisisitiza kuniita mwenye nyumba. Alipenda pia kunitania kwamba treni imefika Kigoma tangu mwaka 1914 na bado haijajifunza kuangalia saa. Mtu wa reli utamjibu nini?

Ugonjwa haukuchukua muda. Kilikuwa kiharusi, siku chache tu, na siku ya mwisho alisali kwa Kiha, lugha ya mama yake, ambayo watoto wetu hawaielewi vizuri. Nilimwitikia mimi kadiri nilivyoweza.

Watoto wanataka kujengea kaburi kwa marumaru. Nimewaambia saruji na msalaba vinatosha, na fedha itakayobaki iingie kwenye mfuko wa jumuiya. Bado tunajadiliana, na nadhani nitashinda kwa sababu dada yao mkubwa yuko upande wangu. Misa ya arobaini paroko ataipangia siku, nami nitakupigia simu mapema. Ukiweza kusafiri, njoo na shemeji, mzungumze baada ya Misa, maana ninyi mlimjua kabla hajawa mama wa mtu.

Jambo la mwisho ni la biashara. Binti ameshika kazi ya Kibirizi, na katika daftari la mama yake amekuta kwamba yule mfanyabiashara wa hapo Tabora unayemfahamu alipelekewa magunia mawili ya dagaa na amelipa moja tu. Tafadhali mpitie kwa niaba yetu. Akikuambia kwamba amesikia mwenye mali amefariki, mwambie daftari lipo, kisha uketi hapo mpaka alipe.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako wa karakana.