Mwanangu, ulivyoniuliza muda niliupata wapi

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Gongo la Mboto. Hatujambo, presha yangu imetulia. Juzi uliniuliza kwenye simu nilikuwa nawezaje kazi ya uuguzi, kuwalea nyinyi watatu, na bado nasoma na kuandika. Kabla sijajibu mtoto akalia, ukakata. Nikaona afadhali niandike.

Kwanza usidhani nilikuwa na nguvu kukuzidi. Nilikuwa natoka zamu ya usiku miguu imevimba, nikifika nyumbani nakuta ndoo tupu zinanitazama. Nilichokuwa nacho ni mama yako mdogo. Wakati ule alikaa kwetu akijifunza cherehani, na tulikubaliana kwamba Jumamosi akishawaogesha, mlango wa chumbani kwangu unafungwa mpaka adhana ya adhuhuri, asigonge mtu. Nyinyi mnamkumbuka kwa maandazi yake. Mimi namshukuru kwa mlango ule. Watu wakinisifia bidii huwa nacheka moyoni, maana ni bidii ya mtu mwenye mdogo wake nyumbani!

Kwa hiyo ile ratiba uliyojipangia, ya kuamka saa kumi alfajiri uandike, achana nayo. Kwa mwenye mtoto wa miezi mitano ni kujitesa bure. Zungumza na mwenzio. Usimwambie "nisaidie ukipata nafasi", kwani nafasi hataipata. Taja siku na saa: Jumanne na Alhamisi jioni yeye anamwogesha mtoto na kumlaza, wewe uko chumbani na daftari lako. Usipotaja saa ataona umekaa tu, na mtu aliyekaa tu huitwa.

Kusoma kulikuwa rahisi zaidi. Unakumbuka nilivyokuwa nachelewa kurudi nikitoka zamu ya mchana? Nilikuwa nageuza. Badala ya kugombania daladala kituoni, nalipanda likiwa bado linaelekea Posta, nakaa dirishani, nageuza nalo. Konda alinitoza nauli mara mbili, na baba yenu alinung'unika sana kuhusu hizo hela, lakini nilipata kiti, na foleni ya Barabara ya Nyerere ikawa faida yangu. Nilimaliza riwaya nyingi humo kuliko nilizomaliza kitandani, ambako hata ukurasa wa pili sikuufikia.

Wewe huna daladala la kugeuza, ila unanyonyesha, na mkono mmoja unabaki huru. Kitabu kinene hakishikiki kwa mkono mmoja, nimejaribu. Chukua mashairi au hadithi fupi, hata kwenye simu, mradi uzime data kwanza. Na usijilazimishe vitabu vizito ukiwa umetoka kazini kuhesabu fedha za watu dirishani kutwa nzima. Soma hadithi za upelelezi. Hakuna mtihani.

Kuandika ndiko kulikonitesa. Nilikuwa nikifungua daftari baada ya wiki nzima, nusu ya muda inakwisha nikijiuliza hadithi iliishia wapi. Kilichoniokoa ni ripoti ya zamu. Unajua sisi wauguzi hatuondoki wodini bila kumwandikia anayeingia: kitanda namba fulani dripu inakwisha saa ngapi, nani anasubiri vipimo, nani hajala. Nikaanza kujiandikia hivyo hivyo. Mlango ukigongwa, hata katikati ya sentensi, naandika mistari miwili chini ya ukurasa: "Shangazi amefika na begi. Hajasema kilichomleta. Anayefuata kuongea ni mtoto." Jumamosi nyingine naanzia hapo, sihitaji kusoma nyuma. Jaribu hili kabla ya kitu kingine chochote.

(Ya wagonjwa sikuyaandika kamwe. Niliandika ya kwenye foleni za maji, na humo mna hadithi za kutosha umri mzima.)

Ulisema pia kwamba waandishi wa kweli hawana kazi nyingine. Nani kakuambia? Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 mpaka 1944, na hata baada ya hapo aliendelea na utumishi wa serikali. Katikati ya kazi hizo, tena akiwa amefiwa na mkewe, alimtungia binti yake utenzi mzima wa nasaha. Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya zake, alianza kama mkaguzi wa afya Zanzibar, kisha mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti. Lakini hao walikuwa wanaume, najua utasema, na nani aliwapikia hatukuelezwa. Utakuwa sahihi. Ndiyo maana nimeanza na mama yako mdogo.

Kuhusu yale mashairi yako ya sekondari, bado ninayo. Usiyaguse sasa hivi, utajilinganisha na msichana aliyekuwa akilala kwa muda wa saa nane na kupikiwa ugali bwenini. Anza kitu kipya, kifupi.

Kesho asubuhi naweka parseli kwenye basi la Mwanza: kaunta buku mbili, kalamu, na unga wa lishe wa mjukuu wangu. Namba ya parseli nitakutumia kwa ujumbe. Mama yako mdogo anasema shule zikifungwa anaweza kuja kukaa kwako wiki mbili, ila umtumie nauli mapema maana tiketi za mwisho wa mwaka hupanda.

Nakupenda,
Mama yako