Heri ya Pasaka: Huyu Hapa Ndugu Yenu

Ndugu zangu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Kristo amefufuka! Amefufuka kweli kweli!

Nawasalimu nyote, mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni, mliofunga Kwaresima mpaka mwisho na mlioishia njiani, na ninyi mnaoingia sikukuu hii mkiwa na msiba mbichi. Mwaka huu nimeona nisiwatumie salamu za mstari mmoja, maana kuna jambo limenikaa moyoni.

Jioni za Kwaresima tumekuwa tukisoma na watoto kitabu cha kwanza cha hadithi za Narnia, alichokitoa mwandishi C. S. Lewis mwaka 1950. Watoto wanne, ndugu wa tumbo moja, wanaondolewa London kwa sababu ya mabomu ya vita. Huko walikopelekwa wanaingia kwenye kabati la nguo na kutokea nchi nyingine, Narnia, ambako Mchawi Mweupe ameleta baridi isiyoisha na Krismasi haifiki kamwe. Edmund, wa tatu kuzaliwa, anawauza ndugu zake kwa huyo Mchawi. Bei yake ni peremende laini za Kituruki, tamu kama halua. Tusimcheke. Kitabu kilipotoka, peremende Uingereza zilikuwa bado zinagawiwa kwa kipimo, na mtoto aliyekisoma alijua vizuri uchu ule.

Ninachotaka kuwaonyesha ni asubuhi ile Edmund alipookolewa na kurudishwa. Ndugu zake wanaamka, wanamwona kwa mbali akitembea kwenye nyasi zenye umande pamoja na Aslan, Simba aliye bwana wa kweli wa nchi ile, wawili peke yao. Wanazungumza. Lewis hatuambii walisema nini. Anasema tu kwamba Edmund hakuyasahau maneno yale. Kisha Simba anamleta kwa wenzake na kuwaambia: ndugu yenu huyu hapa, na hakuna haja ya kuzungumza naye juu ya yaliyopita.

Nilipofika hapo nilimkumbuka Petro. Alimkana Bwana mara tatu, jogoo akawika, akatoka nje akalia sana. Asubuhi ya ufufuo malaika anawaagiza wale wanawake wakawaambie wanafunzi, na Petro, akitajwa kwa jina lake. Jioni yake wanafunzi wanaambiana, “Bwana amefufuka kweli kweli, naye amemtokea Simoni” (Luka 24:34). Wakati huo Bwana alimwambia nini? Hakuna Injili inayotusimulia. Baadaye, kando ya ziwa, ataulizwa mbele ya wenzake kama anampenda Bwana, lakini yale ya kwanza yalibaki kati yao wawili. Napenda kuamini kwamba Lewis alijifunza adabu ile hapo.

Sasa angalieni mpangilio wa hadithi. Edmund amekwisha samehewa ndipo Mchawi anapokuja kudai haki yake, maana sheria ya tangu mwanzo wa nchi ile inasema kila msaliti ni wake na damu yake ni yake. Simba haibezi sheria hiyo. Mchawi anamsema Edmund mbele ya watu wote, naye Edmund anaendelea tu kumtazama Simba, kana kwamba maneno yale hayamhusu tena. Usiku huo Simba anakwenda mwenyewe kwenye Meza ya Mawe. Wanamnyoa manyoya ya shingo, wanamfunga kamba na kumziba mdomo, wanamdhihaki, wanamuua badala ya kijana. Kunapopambazuka Meza imepasuka vipande viwili naye yu hai, na walio wa kwanza kumwona ni wasichana wawili, dada zake Edmund, waliokesha wakimlilia. Anayelijua pazia la hekalu na wale wanawake wa kaburini hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwetu husemwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini usaliti ule ulikuwa ndwele, tena ya kuua. Ndiyo maana Simba aliweza kusema yaliyopita yasizungumzwe: aliyesamehe ndiye aliyelipa.

Najua baadhi yenu hamfurahii hadithi zenye wachawi, na mnaogopa kwa ajili ya watoto. Naheshimu hofu hiyo. Ila kumbukeni kwamba Nathani alipotumwa kwa Daudi hakuanza na mashtaka, alianza na hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake, na mfalme akajihukumu mwenyewe kabla hajashtuka. Hata Lewis hakuongoka kwa hoja tupu. Usiku mmoja wa Septemba 1931, huko Oxford, alizungumza na rafiki zake J. R. R. Tolkien na Hugo Dyson juu ya hadithi za kale na habari ya Kristo, na siku chache baadaye akaamini. Tolkien naye, katika hadithi yake kubwa, The Lord of the Rings, aliiangamiza Pete ya uovu tarehe 25 Machi, siku ambayo kwa mapokeo ya kale Wakristo waliihesabu kuwa ya kusulubiwa kwa Bwana.

Wapendwa, katika kila ukoo yupo Edmund. Yupo aliyekula mchango wa msiba, yupo aliyeuza kiwanja cha mama, yupo aliyeondoka kwa matusi na leo anaona aibu kupiga hodi. Tunasema tumemsamehe, tunamwita mezani, na pilau haijapoa mmoja wetu anaanza kufukua makaburi. Siku ya Pasaka, jamani! Nawaombeni, kwa upendo, mwaka huu tusimfanyie hivyo. Alilonalo kwa Mungu ni lake na Mungu. Sisi tumpishe kiti, tumpakulie.

Na wewe unayesoma haya ukijijua kuwa ndiye, njoo. Katika kitabu kingine cha Narnia, cha mwaka 1954, watu wanataka msaliti fulani auawe. Edmund, sasa ni mfalme aitwaye Mwenye Haki, anawaambia hata msaliti anaweza kutengemaa, kwani yeye anamjua mmoja aliyetengemaa.

Wagonjwa, Bwana awainue. Wafiwa, awafariji. Wasafiri, mfike salama, na watoto wale washibe. Nawatakia nyote Pasaka njema yenye amani.