Shemeji, huo mwezi wa nne wa Hell's Gate muuangalie tena

Shem, habari za huko Kisumu. Dada amenitumia lile tangazo la vijana wa kanisa, ati mnakuja mbuga ya Hell's Gate, hapa karibu na Naivasha, mwezi wa nne, matatu mbili, mnatoka Kondele saa tisa usiku na mnarudi siku iyo iyo. Nimeona nikuandikie hapa wazi badala ya kukutumia kwa simu, maana kila shule zikifunga kuna kikundi cha huko western kinapanga kitu kama hiki, na yale nitakuambia wewe ndio ningewaambia wote.

Kuja, mje. Sitaki mtu aseme nimewakataza. Ni huo mwezi tu, na nitafika hapo.

Kwanza mjue mnakuja kuona nini, kwa sababu nyinyi mmezoea msitu wa Kakamega, miti mirefu na giza saa sita mchana. Huku si hivyo. Ni nyasi, na mleleshwa ule wa majani ya kijivu ukiyafikicha mkononi yananukia mpaka jioni, migunga hapa na pale, alafu pande zote mbili kuta za mawe zimesimama wima. Mbuga yenyewe si kubwa, kilomita mraba 68, imekuwa mbuga ya taifa tangu 1984. Kinachofanya watu waipende ni kwamba hapa unashuka garini. Unapita na baiskeli na punda milia wako hapo kando wanakula nyasi ata hawana haja na wewe, twiga anakuangalia tu, ngiri wanakimbia mkia juu. Nyati wako pia, na nyati ni nyati, mkimwona mzee mmoja amesimama peke yake kwa kichaka hakuna mambo ya kumsongelea na simu kupiga picha, mnapita mbali na mnapita pamoja.

Baiskeli za kukodi mtazipata pale njia panda mkiacha barabara ya Ziwa Naivasha, kabla ya lango la mbuga la Elsa. Hapa shem usikubali kuharakishwa. Mimi nilishapewa moja hapo, imepakwa rangi mpya inang'aa, kufika mteremko wa kwanza nabonyeza breki ya nyuma naskia tu waya unacheza, kuangalia ya mbele nayo imeshikiliwa na kamba ya manila, nikaisimamisha na viatu. Kwa hivyo kila kijana ajaribu yake hapo hapo barabarani, breki zote mbili, kiti kisizunguke, cheni isiruke. Mwenye baiskeli akinuna, anune.

Kutoka langoni mpaka kituo cha askari pale juu ya korongo ni kama kilomita nane. Kuenda mtaona mmekuwa mabingwa. Kurudi ndio mtajua hamjui, jua kali, vumbi, miguu imechoka na kule chini, na mkumbuke Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari na nyinyi mnatoka Kisumu ya mita 1,130 hivi, pumzi inakuwa fupi bila sababu. Msianze na mashindano. Njiani mtapita Fischer's Tower, lile jiwe limesimama peke yake urefu wa karibu mita 25, Wamaasai husimulia kwamba ni msichana alikuwa anapelekwa kuolewa akaambiwa asigeuke kutazama kwao, akageuka. Wanaokwea na kamba wanakweanga hapo. Chini kumejaa pimbi, wanono kwa sababu ya biskuti za wageni, msiwaongezee.

Sasa korongo lenyewe, gorji vile watu huliita, Ol Njorowa. Unashuka ukishika ukuta, mahali pengine unakaa chini unateleza na matako, hakuna aibu. Jiwe lake ni laini, ni jivu la volkano lililoshikana, ukilikwaruza na ukucha linatoka kama mchanga, na mbele kidogo kuta zinakaribiana mpaka unaweza kugusa huku na huku kwa wakati mmoja, zimelainika kama ndani ya chungu, na ukiinua kichwa mbingu ni mstari tu. Kuna mahali maji moto yanatiririka ukutani, ukijani umeota pale yanapopita. Jaribu na kidole kimoja, usiweke kiganja, mengine yanachoma kweli. Pia mtaona vipande vya yale mawe meusi ya kioo, makali kama chupa iliyovunjika, na ndio maana mtu wa slipas abaki juu akichunga mabegi.

Zamani sana Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko hili la leo na maji yake yalitokea upande huu, ndiyo yalichimba hilo korongo. Hayo yaliisha, lakini mvua bado inapita njia iyo iyo, na hapa ndio nafika kwa mwezi wa nne. Mvua haina haja ya kunyesha mahali umesimama. Inanyesha kule juu kwa milima, maji yanakimbia kwa udongo wa jivu yakitafuta mahali pa chini, na mahali pa chini ni hapo mmesimama mkipigana picha na jua linawawakia. Hakuna kando ya kuruka, ni ukuta na ukuta. April 2012 walikufa vijana saba wa kanisa kutoka Nairobi, kikundi kama chenu tu. Tarehe moja Septemba 2019 wakafa watu saba tena, na Septemba si mwezi ambao mtu angeuita wa mvua, kwa hivyo ata mkisongeza tarehe bado mtauliza.

Wa kuuliza ni askari wa KWS, lile shirika la wanyamapori, na msishuke bila mtu wa kuwaongoza, wale vijana wa hapo wanajua njia za kutokea na wanajua kusoma mawingu ya upande gani ni mabaya. Kuna wakati korongo linafungwa kabisa, so piga simu kabla hamjalipa matatu. Na shem, hili usinichukulie vibaya, toeni lile neno gorji kwa tangazo. Najua shida ya kiongozi, watu wametoa pesa, wamekaa kwa gari usiku kucha, mnafika askari anasema leo hapana, alafu vijana wote wanakugeukia wewe ukabembeleze. Ukiwa umewauzia baiskeli, wanyama na mandhari, korongo likipatikana ni nyongeza, na siku halipatikani huna deni la mtu. Mnaweza kutembea juu juu mkiliangalia kutoka kingoni, au mwende lile bwawa la maji moto la Olkaria, upande ule wa mitambo ya stima ya mvuke, ambayo ya kwanza ilianza 1981. Kwa wengi wao hilo bwawa ndio watalisimulia nyumbani.

Mengine ni madogo. Malipo ya mbuga ni kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, fanyeni mapema mtandao ukiwa mzuri. Maji ya kutosha kila mtu, kofia, raba, sweta ya asubuhi. Chakula kisikae wazi, tumbili na nyani wa pale hawaombi.

Kuhusu tarehe, likizo ya mwezi wa nane ni afadhali. Na hiyo ya saa tisa usiku sijaipenda, zaidi ya kilomita mia mbili kuja, vijana waendeshe baiskeli mchana kutwa, alafu dereva yule yule awarudishe usiku kwa zile kona za Kericho? Mlale hapa Nakuru kwetu usiku mmoja mwondoke alfajiri, wasichana nyumbani, wavulana kwa ukumbi wa kanisa, nimeshaongea na mzee wa kanisa hana neno. Ila Agosti ukumbi unagombaniwa na watu wa harusi, so ukishaongea na wenzako nitumie tarehe mpya haraka nikawashikie.