Kabla hujatoboa kidole

Moshi

Mwanangu,

Huku nyumbani hatujambo. Picha za dawa za kisukari ulizoandikiwa kliniki nimezipata, na mpango wenyewe ni mzuri: metformini ya miligramu 500, kidonge kimoja na chakula cha jioni kwa wiki ya kwanza, kisha kimoja asubuhi na kimoja jioni. Usiiruke hiyo wiki ukidhani unaharakisha. Dozi hupandishwa taratibu kwa sababu ya tumbo. Siku za mwanzo dawa hii huleta kichefuchefu, gesi na kuharisha, na kwa wengi mambo hutulia ndani ya wiki mbili tatu. Meza katikati ya mlo au ukimaliza tu kula. Na kwa kazi yako ya kuendesha watalii, anza ukiwa mapumzikoni hapo Sakina, usianze ukiwa na wageni Serengeti. Kule kila kichaka kina mwenyewe.

Ukisahau dozi, acha ipite; usimeze mbili kwa mpigo. Ukishikwa na kutapika au kuharisha kwa ugonjwa mwingine hadi ukaishiwa maji, simamisha metformini na upige simu kliniki siku hiyo hiyo, maana figo zikilemewa dawa hurundikana mwilini. Kwa sababu hiyo hiyo watakupima figo mara kwa mara. Mbege nayo, pombe yetu ya ndizi, uipunguze sana. Ina sukari yake na pombe yake, na pombe nyingi na metformini haviendi pamoja.

Sasa mashine ya kupimia sukari ya damu. Mashine yenyewe bei yake si kitu, zinazokula hela ni stripu, vile vipande vyembamba vinavyopokea tone la damu, na kila mashine ina stripu zake. Kabla hujanunua, uliza duka la dawa kama stripu zake hazikatiki. Angalia pia kioo kisome milimoli kwa lita. Mgeni akikuachia mashine ya Marekani utaona 126 ukaruka, kumbe ni miligramu: gawanya kwa 18, ni 7 tu.

Nawa mikono kwa sabuni na ukaushe vizuri. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukimenya embe au ndizi mbivu, utamu ulioganda kidoleni unatosha kupandisha namba, nawe utadhani ni damu yako. Ukitumia spiriti, ngoja ikauke kabisa. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati penye mishipa mingi ya fahamu, na ubadilishe vidole. Kalamu ya kutobolea iweke kina cha 2 au 3 kwanza. Asubuhi za Juni na Julai hapo Arusha vidole huwa baridi, damu haitoki. Osha kwa maji ya uvuguvugu, ning'iniza mkono chini kidogo, kisha sukuma taratibu toka shina la kidole kwenda nchani. Usikamue kwa nguvu. Ukikamua unatoa majimaji ya nyama pamoja na damu, namba inapotea. Stripu iguse tone kwa ncha yake, ivute yenyewe. Usipake damu juu yake. Tone likiwa dogo mashine itaandika kosa na stripu imekwenda.

Stripu zikae ndani ya kichupa chake, kifuniko kimefungwa sekunde ile ile unapotoa moja, kwa sababu unyevu huziharibu bila kuonyesha alama. Andika juu yake tarehe uliyofungua, kwa kuwa nyingine huisha nguvu miezi michache baada ya hapo. Mashine usiiache kwenye dashibodi. Nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 10 na 40 tu, na gari lililoegeshwa juani hupita hapo. Ukilala ukingoni Ngorongoro, asubuhi inaweza kugoma kwa baridi. Itie ndani ya jaketi robo saa. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na sindano yako asiitumie mtu mwingine, hata mdogo wako.

Ukipima mara mbili mfululizo ukapata 8.2 kisha 8.9, hakuna kilichoharibika. Mashine nzuri inaruhusiwa kupishana na maabara kwa asilimia 15 hivi. Ikiandika HI, si salamu: sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Nenda hospitali.

Usipime ovyo ovyo. Pima jozi: kabla ya mlo, na saa mbili toka tonge la kwanza. Jozi tatu kwa wiki, kila moja mlo tofauti, na mara mbili asubuhi kabla hujala. Hapo kichupa cha stripu 50 kitakupeleka wiki sita. Kwa kawaida kabla ya kula tunataka kati ya 4 na 7, na baada ya saa mbili isizidi 10. Kiburu, ndizi zile na maharage, kikikutoa 6.5 hadi 12.4, safari ijayo punguza ndizi nusu, ongeza mboga, upime jozi ile ile. Ukiamka na namba kubwa kuliko ya kulalia ilhali hukula kitu, usijilaumu. Ini hutoa sukari usiku, na ndilo metformini inalolituliza.

Metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Wakikuongezea glibenklamidi, kidonge kingine cha kisukari, hiyo huchochea kongosho kutoa insulini, yaani homoni ya kushusha sukari, hata kama hujala. Ukimeza, lazima ule. Wageni wakiganda kwa simba, wewe fungua lanchi boksi yako. Ukiona jasho la ghafla, kutetemeka, moyo kwenda mbio, egesha gari, pima. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu chupa ya soda ya kawaida, ngoja dakika 15, pima tena. Usishike usukani mpaka ipite 5 na zipite dakika 45 nyingine.

Jumapili ukija, njoo na daftari, na kando ya kila namba uwe umeandika ulichokula na saa. Na kichupa cha stripu nitakikagua, maana kufunga vifuniko nakujua.

Mama yako