Mofini isiwe ya kusubiri Jumatatu

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee hospisi yetu ya huku mtaani, yaani huduma ya kuwatunza wagonjwa wenye magonjwa yasiyopona, maana watu wanaisifia na mimi naisifia pia, manesi wanakuja mpaka nyumbani, wanamgeuza mgonjwa, wanamsafisha kidonda taratibu huku wanaongea nae, na sisi ndugu wanatuelekeza. Ila shida ni mofini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu. Ile ya maji mgonjwa anatakiwa anywe kila baada ya masaa manne, sio mpaka aanze kulia ndo apewe, sasa ikiisha Ijumaa jioni unaambiwa subiri Jumatatu daktari aje asaini, jamani, mama mdogo ana kansa ya shingo ya kizazi, hizo siku anazipitaje? Wenzetu Uganda tangu 2004 manesi waliosomea huduma hii wanaruhusiwa kuandika mofini wenyewe, kwa nini na huku isiwezekane? Halafu wakitoa mofini watoe na dawa ya kulainisha choo maana mofini inafunga choo, hilo linasahaulika sana na mgonjwa anateseka kimya kimya kwa aibu. Wizara iliangalie hili, na hospisi iweke nesi wa zamu wikiendi, hata mmoja tu wa kupigiwa simu.