Vihesabio visiishie darasa la pili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumze na walimu wenzangu, wazazi na viongozi wa elimu kuhusu Hisabati. Kila yakitangazwa matokeo ya kidato cha nne, somo hili liko mkiani, na wanaolifaulu hawafiki theluthi ya watahiniwa. Lawama zote huwaangukia walimu wa sekondari. Mimi nimefundisha madarasa ya chini maisha yangu yote ya kazi, na nasema bila kusita: wengi wa watoto hao walianza kupotea darasa la pili na la tatu, kwenye makumi na mamoja.

Mpe mtoto wa darasa la tatu swali hili: 52 kutoa 27. Usishangae akiandika 35. Mwalimu ataweka alama ya kosa na kupita. Lakini mtoto huyo hakubahatisha. Aliona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza, 7 toa 2 akapata 5. Kisha 5 toa 2 akapata 3. Ana kanuni yake, na kama hakuna anayemwuliza amefikaje hapo ataendelea nayo miaka. Kwake 52 ni tarakimu mbili zilizokaa jirani. Hajaona bado kwamba ile 5 ni mafungu matano ya kumikumi.

Nilichokuwa nafanya hakina gharama. Mtoto anakusanya vijiti, anavifunga kumikumi kwa uzi. Anaweka mezani mafungu matano na vijiti viwili. Mwambie atoe 27. Mafungu mawili yanatoka bila shida. Vinatakiwa vijiti saba, naye anavyo viwili tu. Hapo mwalimu nyamaza! Usimwonyeshe. Atalitazama fungu, atakutazama wewe, halafu atalifungua mwenyewe. Sasa ana vijiti kumi na viwili, anatoa saba, vinabaki vitano na mafungu mawili. Mtoto aliyepita hapo, siku ukimwandikia hesabu hiyo kwa wima ubaoni, anajua kwa nini 5 imekatwa ikawa 4.

Kinachotuponza ni haraka. Vihesabio, yaani vijiti, vizibo na vitu vingine vya kuhesabia, tumevifanya vitu vya awali na darasa la kwanza. Mtoto akifika la tatu vinafungiwa stoo, eti ameshakua na upimaji wa darasa la nne unamsubiri. Wazazi nao wanamsifu mwalimu wa awali ambaye watoto wake wanaandika 1 hadi 100 na kuimba jedwali la kuzidisha. Jedwali lazima likae kichwani, hilo sibishani nalo. Ila mtoto aliyeimba tu, akisahau 7 mara 8 hana pa kuanzia. Aliyewahi kupanga vizibo safu kwa safu ataanzia kwenye 49 anayoikumbuka, aongeze safu moja ya saba.

Na vitu vya kushika vinahitajika hata madarasa ya juu. Darasa la tano utakuta nusu jumlisha theluthi imeandikwa 2/5, wakati nusu peke yake imeshaizidi hiyo 2/5. Kunja ukanda wa karatasi sehemu sita sawa, apake rangi sehemu tatu, kisha sehemu mbili, ataiona 5/6 kwa macho. Namba hasi chora mstari wa namba uwanjani kwa chaki au kwa kijiti, atembee mwenyewe kutoka 3 kurudi nyuma hatua tano aone anasimama wapi.

Najua nitajibiwa kuhusu msongamano. Tangu mpango wa elimu bila malipo uanze 2016 nimesimama mbele ya watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja. Kila mtoto alikuwa na mfuko wake wa vijiti kutoka nyumbani. Kundi moja lilikaa na vijiti chini ya mwembe, lingine na madaftari ndani, kesho yake wanabadilishana. Kelele zilikuwepo, tena nyingi, na kuna mkuu wa shule aliyezilalamikia. Lakini hesabu zilifanyika.

Nina wasiwasi zaidi sasa, kwa kuwa toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo linaifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita badala ya saba. Sipingi hilo. Naomba tu mwaka unaopungua usilipwe kwa kuwakimbiza watoto wa darasa la pili na la tatu.

Kwa ndugu zangu wathibiti ubora wa shule: mkiingia darasani, kabla ya kukagua andalio la somo, kaeni na watoto watatu au wanne, muwape hiyo 52 kutoa 27, na muwaulize mmoja mmoja jibu wamelipataje.

Mwalimu mstaafu,
Kilosa, Morogoro